Dodoma kwenda na kurudi siku moja kwa treni: piga hesabu kabla ya kukata tiketi

Tangu treni ya SGR, yaani reli mpya ya kisasa, ianze kufika Dodoma katikati ya mwaka 2024, watu wa Dar es Salaam tumepata mdomo mpya. Mtu anakuambia "kesho naenda Dodoma, jioni nimerudi" kwa sauti ile ile anayosemea kwenda Kariakoo. Zamani hapakuwa na mjadala. Ulipanda basi alfajiri, ukafika mchana umechoka, ofisi zinafungwa, ukatafuta gesti. Safari ilikula siku mbili, na kila mtu nyumbani alijua hivyo.

Sasa treni inatumia kama saa tatu na nusu hadi nne, inakimbia hadi kilomita 160 kwa saa, na swali limebadilika. Hakuna anayeuliza tena kama inawezekana, maana inawezekana. Swali ni kama inalipa. Mimi nimekwenda na kurudi siku moja mara tatu. Mbili zililipa. Ya tatu nilirudi nyumbani saa tano usiku bila nilichokifuata, na kesho yake kazini nilikuwa kama mtu aliyekesha msibani. Treni ilikuwa ile ile mara zote tatu. Kilichotofautiana ni hesabu niliyoipiga, au niliyoacha kuipiga, kabla ya kutoa hela.

Ratiba hubadilika, kwa hiyo saa nitakazotaja hapa ni za kuonyesha jinsi ya kuhesabu. Zako zichukue kwenye ratiba ya wiki unayosafiri.

Hatua ya 1: Sema unachokifuata, kisha uone kinahitaji saa ngapi

Usiseme "nina mambo Dodoma". Sema jambo lenyewe. Kusaini karatasi moja. Usaili wa kazi. Kumpeleka mdogo wako UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, na begi lake. Kumwona mgonjwa. Kutembea tu. Kila jambo lina urefu wake, na mengine hayapimwi kwa saa hata kidogo.

Usaili ni rahisi. Umepewa saa, utaingia, utatoka. Karatasi ya kusaini ni rahisi ikiwa umempigia simu mwenye kalamu na amekuhakikishia yupo. Bila simu hiyo, utakutana na "ametoka kidogo", na "kidogo" ya ofisini inaweza kumeza pengo lote kati ya treni mbili. Hivyo ndivyo nilivyoangushwa mimi. Niliambiwa mhusika yuko kikaoni, nikakaa kwenye benchi namba mbili kutoka mlangoni, nikasoma tangazo la ukutani mpaka nikalikariri, na saa tisa alasiri nikaambiwa nirudi kesho. Kesho! Na tiketi ya kurudi ilikuwa mfukoni.

Ndugu ni habari nyingine kabisa. Ukienda kwa shangazi Dodoma ukakaa saa moja na nusu, utaulizwa kama ulikuja kuomba moto. Watakuwa wamekuchinjia kuku. Kuku huyo ataingia sufuriani saa ile ile unayotakiwa kuwa njiani kwenda stesheni. Kama safari ni ya kusalimia, ama ulale, ama waambie mapema kwamba unapita tu, na uwaambie kabla ya kuku kukamatwa.

Msibani ni hivyo hivyo. Kuzika na kurudi siku hiyo hiyo inawezekana, na wengi wanafanya, lakini muda wa mazishi hauko mikononi mwako. Kata tiketi ya kwenda peke yake, ya kurudi utaikata ukiwa huko.

Hatua ya 2: Anza na treni ya kurudi

Watu wengi huanza na treni ya kwenda. Wanaipata ya alfajiri, wanafurahi, wanalipa, halafu ndipo wanatafuta ya kurudi na kukuta iliyobaki ni ya saa nane mchana au ya usiku mkubwa. Geuza. Tafuta kwanza treni ya mwisho ya kurudi ambayo itakufikisha Dar ukiwa bado unaweza kupata usafiri wa kwenda nyumbani. Hiyo ndiyo inayoamua siku yako. Kisha rudi nyuma.

Tuseme treni hiyo inaondoka Dodoma saa 11:30 jioni. Unatakiwa uwe stesheni saa 10:30, kwa sababu kuna foleni ya ukaguzi wa mizigo na vitambulisho, na geti hufungwa kabla treni haijaondoka. Treni hii haisimami ikikuona unakimbia, sahau mambo ya konda kupiga bodi. Sasa uko wapi mjini? Stesheni ya Dodoma haiko katikati ya mji. Na kama shughuli yako iko Mji wa Serikali, Mtumba, ujue Mtumba kwenyewe kuko nje ya mji, kwenye barabara inayokuja Dar. Toa saa nzima ya kutoka Mtumba hadi stesheni. Kwa hiyo siku yako ya kazi inaisha saa 9:30 alasiri, ambayo ndiyo saa ofisi za serikali zinafungwa. Hapo mambo yamelingana vizuri.

Mbele nako fanya hivyo. Treni ya saa 12:00 asubuhi kutoka Dar inakufikisha Dodoma tuseme saa 3:40. Ukitoka stesheni, ukipata bajaji, ukifika Mtumba, saa 4:40 asubuhi. Kutoka hapo hadi saa 9:30 alasiri ni saa nne na dakika hamsini. Hizo ndizo saa zako. Nyingine zote ni za barabara, reli na foleni.

Sasa jaribu treni inayotoka Dar saa 3:30 asubuhi. Utafika Dodoma kama saa 7:30 mchana, Mtumba saa 8:30. Imebaki saa moja ofisi zifungwe, na ni ile saa ambayo watu wanakusanya vitu vyao. Nauli ni ile ile, uchovu ni ule ule, na kazi umepata ya saa moja. Ukikosa ya alfajiri, safari ya kiofisi ya siku moja imekufa. Usijidanganye.

Hatua ya 3: Hesabu kutoka mlango wa nyumbani hadi mlango wa nyumbani

Hapa ndipo wengi tunajificha. Tunasema "saa tatu na nusu tu" kana kwamba tunaishi juu ya reli.

Mimi nakaa Tabata. Ili niwe stesheni ya Dar mapema kwa treni ya saa 12, natoka nyumbani saa 10:15 alfajiri. Nikirudi na treni ya saa 11:30 jioni, nashuka Dar kama saa 3:10 usiku, na kwangu nafika saa 4:15 usiku. Kumi na robo alfajiri hadi nne na robo usiku ni saa 18. Saa 18 kwa ajili ya saa karibu tano za kazi.

Je, hiyo inalipa? Kwa usaili wa kazi, inalipa hata ingekuwa saa 20. Kwa kupeleka fomu ambayo ingetumwa kwa basi kama kifurushi, hailipi.

Kipimo changu ni hiki: saa za kule zikiwa chini ya robo ya saa zote nilizo nje ya nyumba, sirudi siku hiyo hiyo, yaani ama nalala Dodoma ama siendi. Katika mfano huu, robo ya 18 ni saa nne na nusu, nami nina karibu tano, kwa hiyo nimepita kwa chupuchupu. Nikipoteza nusu saa tu kwa bajaji iliyoharibika, nimeanguka. Ndiyo maana nasema hesabu iandikwe kwenye karatasi. Kichwani kila kitu huonekana kinatosha.

Wanaokaa Gongo la Mboto, Ukonga au Kisarawe wana bahati ambayo hawaitumii sana. Kuna stesheni ya Pugu. Nimewaona watu wa Ukonga wanaamka saa tisa usiku kwenda mjini kupanda treni ambayo baadaye inawapitia karibu na kwao. Angalia tu kama treni unayoitaka inasimama Pugu, maana za haraka huruka vituo vingi.

Na wa Kimara, mwendokasi wa Gerezani unakushusha jirani na stesheni. Kwa treni ya kwanza ya alfajiri, uliza kwanza gari la kwanza linatoka saa ngapi.

Hatua ya 4: Weka pesa upande kwa upande

SGR ilipoanza, LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, ilitangaza nauli ya treni ya kawaida kutoka Dar hadi Dodoma, kilomita 444, kuwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima. Watoto wa miaka 4 hadi 12 walipangiwa nusu, na chini ya miaka 4 bure. Treni za haraka na viti vya madaraja ya juu bei yake inapanda. Kwa hiyo, kwa treni ya kawaida, kwenda na kurudi ni 62,000.

Hiyo 62,000 utailipa ulale au usilale. Kwa hiyo usiiweke kwenye mizani, haiamui chochote. Kinachoamua ni vitu vya pembeni. Ukirudi siku hiyo hiyo unaokoa chumba, tuseme elfu 30 au 40 kwa gesti safi isiyo na makuu, pamoja na chakula cha usiku. Lakini unalipa bodaboda au teksi ya saa kumi alfajiri, na nyingine ya saa nne usiku, kwa bei ya saa hizo, na unalipa bajaji za haraka Dodoma kwa sababu huna muda wa kusubiri daladala. Mara yangu ya mwisho nilipojumlisha, nilikuwa nimeokoa elfu kumi na mbili tu kwa kutolala. Elfu kumi na mbili, kwa kuamka saa tisa usiku! Nilicheka mwenyewe.

Mkiwa watatu au wanne hesabu inageuka. Teksi ya alfajiri mnagawana, vyumba vingekuwa viwili, na hapo siku moja inaokoa hela ya kweli.

Hatua ya 5: Angalia kalenda

Bunge likiwa linaendelea, hasa la bajeti kati ya Aprili na Juni, Dodoma inajaa. Vyumba vinapanda bei na viti vya treni za asubuhi na jioni vinakwisha mapema. Kipindi hicho kurudi siku hiyo hiyo kunaweza kuwa nafuu kuliko kulala, lakini shida ni kuipata tiketi ya jioni.

Ijumaa jioni kutoka Dodoma na Jumapili jioni kwenda Dodoma ni za watumishi wenye familia Dar. Kata siku kadhaa kabla.

Juni na Julai Dodoma ina baridi ya asubuhi yenye upepo mkavu. Mtu wa Pwani anashuka na shati la mikono mifupi anajikunyata kama kifaranga. Beba sweta.

Hatua ya 6: Uulize mwili, na uulize kesho

Siku ya saa 18 haiishii usiku ule. Kama kesho yake una kazi ya kuendesha gari, mtihani, au zamu ya asubuhi, hesabu na hiyo kesho ndani ya gharama. Mzee wa miaka sabini mwenye presha usimpeleke na kumrudisha siku moja kwa sababu tu treni ni laini. Kukaa ni kukaa. Watoto nao wanafurahi hadi Morogoro, wanalala hadi Dodoma, halafu safari ya kurudi ndiyo wanakuonyesha rangi zao.

Kama unataka kupanda treni tu

Hili sikuliita hatua kwa sababu linawahusu watu wa aina moja, na ni wengi. Hawana shughuli Dodoma. Wanataka kuipanda hiyo mchongoko, treni yenye kichwa kilichochongoka, wapige picha, wale kitu, warudi. Ndugu zangu, shukeni Morogoro. Nauli ya kawaida ilianzia 13,000, safari haifiki saa mbili, na milima ya Uluguru iko pale imesimama. Stesheni iko Kihonda. Unafika asubuhi, unakwenda sokoni kununua matunda, unakula mchana bila kutazama saa, unarudi Dar mapema. Hapo sehemu kubwa zaidi ya saa unazokuwa nje ya nyumba ni yako.

Wanaosema "lakini Dodoma ni mbali zaidi kwa hiyo naifaidi treni zaidi" nawaelewa, na kuna ukweli. Kipande kizuri kuliko vyote kiko baada ya Morogoro, pale reli inapoingia milima ya Kilosa na kupita kwenye mahandaki. Unakuwa unaongea, ghafla dirisha linageuka kioo, unajiona uso wako mwenyewe mdomo wazi, kisha mwanga unarudi na bonde liko chini yako. Baada ya Gulwe nchi inabadilika rangi, mibuyu inaanza, vumbi jekundu, mbuzi. Kama hilo ndilo unalolifuata, basi safari yenyewe ndiyo shughuli, na kile kipimo changu cha robo kitupe. Lakini chagua treni za mchana kwenda na kurudi. Nimemwona kijana amepanda treni ya usiku na kamera kubwa shingoni. Alipiga picha ya kiti cha mbele yake.

Kaa upande wa kushoto ukienda kama unataka kuiona Uluguru, na wa kulia ukirudi.

Hatua ya 7: Umeamua kwenda. Mambo ya siku yenyewe

Kitambulisho kiwe kile kile ulichokatia tiketi. Tiketi ya karatasi au ya simu ni sawa, ila simu iwe na chaji, na piga picha ya skrini kwa sababu mtandao huwa unachagua siku ya kukutania.

Saa. Hili nalisema kwa aibu. Mama mdogo alikuwa Dodoma, nikamkatia tiketi ya kurudi Dar, nikamwandikia ujumbe: "Treni yako ni 10:30." Kwenye ratiba iliandikwa hivyo, 10:30, yaani saa nne na nusu asubuhi. Mama mdogo akasoma alichosoma kila mtu aliyelelewa na Kiswahili: saa kumi na nusu. Alifika stesheni saa tisa alasiri, mapema kabisa, na kikapu chake cha zabibu amekifunika khanga. Treni ilikuwa imeshafika Dar na kushusha watu. Aliponipigia hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, siku nyingine niandikie kwa maneno." Tangu siku hiyo naandika kwa maneno. Ukikuta ratiba ya saa 24, toa sita ukiwa na namba kuanzia 07 hadi 18: 10:30 inakuwa nne na nusu asubuhi, 17:30 inakuwa kumi na moja na nusu jioni. Halafu mtumie mtu wako neno "asubuhi" au "jioni" pamoja nayo.

Ukishuka Dodoma, kabla hujaondoka stesheni, chukua namba ya dereva aliyekubeba na mpange naye saa ya kukurudisha. Mwambie saa moja kabla ya unavyohitaji kweli. Madereva wa bajaji wa Dodoma ni waungwana, lakini "nakuja sasa hivi" ni lugha yetu sote.

Jiwekee saa ya kukata tamaa. Yangu ni saa nane mchana. Kama hadi saa nane shughuli haijaanza, naamua hapo hapo: ama naangalia kama tiketi inaweza kubadilishwa nilale, ama naachana nayo nikale nyama na kwenda zangu stesheni taratibu. Kibaya ni kuendelea kukaa benchi hadi saa tisa na nusu ukitumaini, kisha ukimbie, ukose kazi na treni pamoja.

Zabibu ukizinunua, zibebe mkononi kwenye kikapu au boksi gumu. Kwenye mfuko wa plastiki chini ya begi utafika Dar na juisi.

Na bodaboda wa usiku wa kukutoa stesheni hadi kwako, mpigie ukiwa Morogoro, si ukiwa umeshashuka. Pale nje saa tatu na nusu usiku abiria wote wanataka usafiri kwa wakati mmoja, na aliyepiga simu mapema ndiye anayetangulia kulala.